Mbona Stelingi Amekufa? Maswali Yenu Kuhusu Filamu za Uingereza na za Hollywood

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba filamu ndogo ya Uingereza, yenye watu wanne na jiko moja, inaweza kumkaa mtu moyoni kuliko filamu ya Hollywood iliyomeza dola milioni 200. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zenu zimekuja nyingi, nyingine kali, na zote nimezisoma. Leo najibu saba.

Ndugu mwandishi, tunabishana kijiweni tangu Ijumaa. James Bond ni wa Waingereza au wa Wamarekani? (Msomaji, Tanga)

Pande zote mbili mna haki. Mhusika ni Mwingereza, kampuni iliyotengeneza filamu zake tangu ya kwanza mwaka 1962 ni Eon ya London, na nyingi zimepigwa katika studio za Pinewood, nje kidogo ya jiji hilo. Ila pesa zimetoka Marekani tangu mwanzo: kwanza United Artists, baadaye MGM, na MGM yenyewe ikanunuliwa na Amazon mwaka 2022.

Nawaongezea kuni. Uingereza ina mizani rasmi ya kupima uraia wa filamu. Hupewa alama kwa mahali hadithi inapotokea, wahusika wake, lugha, wafanyakazi na mahali ilipopigwa. Ikifikisha 18 kati ya 35 inahesabiwa ya Uingereza na inapata nafuu ya kodi. Ndiyo maana msishangae kwamba Gravity (2013), hadithi ya wanaanga wa Marekani, waigizaji Sandra Bullock na George Clooney, pesa za Warner Bros. na mwongozaji kutoka Mexico, ilitwaa tuzo ya BAFTA ya filamu bora ya Uingereza. Ilipigwa katika studio za Shepperton, karibu na London, na sehemu kubwa ya picha zake za kompyuta ilitengenezwa na mafundi wa London.

Mimi nikisema filamu ya Uingereza katika safu hii, nasemea zile ambazo hadithi, watu na angalau sehemu ya pesa vimetoka kule kule.

Nilifuata ushauri wako nikaangalia. Watu wamekaa, wanakunywa chai, wanalia. Hakuna kinachotokea. Hiyo nayo ni sinema? (Msomaji, Mwanza)

Dada yangu, kinatokea kikubwa, ila hakipigi kelele. Nipe nafasi nikueleze onyesho moja tu.

Secrets & Lies (1996), ya Mike Leigh. Hortense ni binti mweusi wa London, kazi yake kupima macho. Mama aliyemlea amefariki, naye anaamua kumtafuta aliyemzaa. Makaratasi yanamfikisha kwa Cynthia, mwanamke mweupe, mfanyakazi wa kiwanda cha maboksi. Wanakutana nje ya stesheni ya treni, wanaingia mgahawani. Mgahawa mtupu. Wamekaa upande mmoja wa meza, bega kwa bega, vikombe viko mbele yao. Kamera inawatazama na haisogei kwa takriban dakika nane. Haimfuati anayelia, na hakuna vinanda vya kukuambia sasa sikitika. Cynthia anamweleza binti kwa upole kwamba wamekosea huko ofisini, yeye hajawahi hata kulala na mwanamume mweusi. Halafu ananyamaza. Uso unabadilika. Unamwona mtu akikumbuka, papo hapo mbele yako, jambo alilolizika zaidi ya miaka ishirini. Mabega yanaanza kutikisika, anageukia pembeni, na Hortense hajui mikono yake aiweke wapi.

Studio kubwa ingelikata onyesho hilo vipande vipande: uso wa huyu, uso wa yule, kikombe, chozi. Leigh aliliacha zima kwa sababu alikuwa amewaandaa waigizaji wanaoweza kulibeba. Yeye haanzi na muswada. Anakaa na kila mwigizaji kwa miezi wakimjenga mhusika tangu utoto wake, na kila mmoja anajua kile tu ambacho mhusika wake angekijua. Kwa hiyo mshtuko unaouona pale una mizizi ya miezi.

Au chukua I, Daniel Blake (2016) ya Ken Loach. Daniel ni seremala wa Newcastle aliyepata mshtuko wa moyo. Daktari anasema asifanye kazi. Serikali inampima kwa fomu ya maswali na kusema anaweza, kwa hiyo anakosa posho ya wagonjwa. Anafahamiana na Katie, mama wa watoto wawili, anayejinyima chakula ili wanawe wale. Siku moja wanakwenda kwenye ghala la chakula cha msaada. Katie anapita na kikapu, anapewa tambi, anapewa mboga, anashukuru. Mara anajibanza kwenye rafu, anafungua kopo la maharage, anamimina kiganjani na kula yakiwa baridi, huku mchuzi ukimchirizika. Kisha anaona aibu na kulia. Ghala lile ni la kweli, na kati ya wahudumu waliomo wapo waliokuwa wakifanya kazi hiyo kila siku.

Niliitazama na jirani yangu ambaye naye ni seremala. Kwenye kopo lile aliniomba nisimamishe. Akatoka nje, akakaa barazani kidogo, akarudi na kusema, "Endelea." Tangu hapo sikubali mtu aniambie hakuna kinachotokea.

Sisi tumekua tukijua stelingi hafi. Mbona wao wanamwua? (Msomaji, Morogoro)

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote. Nami nimekulia kwenye kibanda umiza, benchi la mbao, televisheni moja, na kanuni hiyo tuliijua kabla ya kujua kusoma: stelingi atapigwa, atachomwa, ataanguka mtoni, lakini mwisho atarudi.

Kanuni ile ina hesabu nyuma yake. Studio iliyoweka dola milioni 200 inahitaji watu wa Texas, Shanghai na São Paulo wote watoke ukumbini wameridhika na wawaambie wenzao. Kwa hiyo kabla ya filamu kutoka, huonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio. Wanajaza kadi, na kadi zikilalamikia mwisho, mara nyingi mwisho unabadilishwa. Aliyetumia milioni tatu anaweza kuvumilia baadhi ya watu wakitoka wamenuna.

Mifano miwili mnaweza kuiangalia wenyewe. The Descent (2005) ni filamu ya Uingereza ya kutisha, wanawake sita ndani ya pango. Katika toleo la Uingereza, Sarah anadhani ametoka, kumbe anazinduka bado yuko chini, anamwona marehemu binti yake na keki ya siku ya kuzaliwa, na kamera inarudi nyuma mpaka unaona giza limemzunguka pande zote. Ilipopelekwa Marekani mwaka uliofuata, karibu dakika moja ya mwisho ilikatwa, ikaishia pale anapoonekana ametoroka. Dakika moja tu, na maana yote imegeuka.

Wa pili ni Get Carter (1971), Michael Caine akirudi Newcastle kulipiza kisasi cha kaka yake. Anakilipiza, na pale pale ufukweni, akiwa bado anacheka, anapigwa risasi na mtu aliye mbali asiyemjua. Hollywood iliirudia mwaka 2000 na Sylvester Stallone, hadithi ikahamia Seattle, na Carter akabaki hai. Niseme ukweli wote: ile ya 1971 pia ililipiwa na MGM ya Marekani. Tofauti ni kwamba wakati ule walimwachia mwongozaji, Mike Hodges, amalizie alivyotaka.

Daniel Blake naye anakufa, chooni, dakika chache kabla rufaa yake haijasikilizwa. Angeponea pale na kushinda, wewe ungelala usingizi mzuri, na maafisa wenye zile fomu pia wangelala usingizi mzuri.

Pesa wanatoa wapi hao wadogo? Na wanapata faida? (Msomaji, Arusha)

Milango mikuu ni mitatu. Kuna vituo viwili vya televisheni vyenye vitengo vya filamu: BBC, na Channel 4 ambayo kitengo chake kinaitwa Film4. Kuna taasisi ya filamu, BFI, inayogawa pesa za bahati nasibu ya taifa. Na kuna nafuu ya kodi, ambayo tangu 2024 imenenepeshwa kwa ajili ya filamu za bajeti isiyozidi pauni milioni 15. Mara nyingi mtayarishaji anaunga kipande hapa na kipande pale kama fundi wa kushona viraka.

Kuhusu faida, kumbuka mwaka 1997. Titanic iligharimu dola milioni 200, ghali kuliko filamu yoyote iliyowahi kutengenezwa hadi hapo. Mwaka huo huo ikatoka The Full Monty, wanaume wa Sheffield waliopoteza kazi viwanda vya chuma vilipofungwa, wanaamua kucheza na kuvua nguo jukwaani wapate pesa. Iligharimu dola milioni 3.5. Iliingiza zaidi ya milioni 250. Titanic, ilipotoka mara ya kwanza, iliingiza zaidi ya mara tisa ya gharama yake. Hawa wa Sheffield, zaidi ya mara sabini. Zote mbili ziliwania Oscar ya filamu bora katika usiku mmoja.

Lakini usishangilie bado. Aliyelipia The Full Monty ni Fox Searchlight, mtoto wa Fox ile ile iliyoingiza pesa zake kwenye Titanic. Faida kubwa ilivuka bahari. Hiki ndicho kidonda cha sinema ya Uingereza cha miaka mingi: tangu 1927 bunge lao lilipitisha sheria ya kulazimisha kumbi zionyeshe kiasi fulani cha filamu za nyumbani, kwa sababu za Marekani zilikuwa zimejaa kila mahali. Wanaongea lugha moja na jirani tajiri, na hilo limewabana kuliko lilivyowabana Wafaransa.

Kati ya hao wawili, nani ametuonyesha sisi Wakenya kwa haki? (Msomaji, Nairobi)

Hakuna aliyetimiza, ila wa Uingereza walikaribia zaidi. Out of Africa (1985) ya Universal ilipata Oscar saba, na vilima vya Ngong vinang'aa mno mle. Lakini Mkenya mle ni mpishi, mtumishi au kivuli mbali shambani. Hata Mwingereza mwenyewe hakutendewa haki: Robert Redford aliigiza Denys Finch Hatton kwa lafudhi ya Kimarekani tupu.

The Constant Gardener (2005) iliingia Kibera na kufika Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, na waliotengeneza wakaacha mfuko wa kusaidia elimu katika maeneo hayo. Mashujaa wake, hata hivyo, bado ni wazungu wawili. Mimi ningekupeleka kwenye The First Grader (2010), ambayo BBC ilishiriki kuitengeneza: Mzee Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, aliyeingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Oliver Litondo ndiye stelingi, Mkenya, na kamera inamfuata yeye. Mtazame anavyokaa kwenye dawati la kitoto, kaptula, soksi ndefu, anachonga penseli.

Mbona ndugu zetu weusi wa Uingereza wote wanakimbilia Hollywood? (Msomaji, Leicester)

Kwa sababu kwao nafasi zilikuwa chache, na hapa sinema ninayoipenda inanipa huzuni. Marianne Jean-Baptiste, yule Hortense wa mgahawani, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Uingereza kuwania Oscar ya uigizaji. Mwaka 1997 waigizaji chipukizi wa Uingereza walipopelekwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, hakuwemo, naye akasema hadharani jinsi ilivyomuuma. Akahamia Marekani, akapata kazi ya miaka kadhaa kwenye televisheni. Ilichukua muda mrefu sana kabla hajaigiza tena katika filamu ya Leigh, Hard Truths (2024). Itafute, ameigiza mwanamke mwenye hasira ya kila kitu, na humo ndani yumo mtu anayeogopa.

Daniel Kaluuya, mtoto wa London wa wazazi Waganda, naye alilazimika kuvuka ndipo dunia imjue kwa Get Out (2017). Ile drama ya kihistoria ya mabinti na magauni marefu, ambayo Uingereza huiuza vizuri nje, haikuwa na kiti chao.

Nina kamera ya kuazima na laki nane. Nimsome nani? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Msome Loach wa Kes (1969). Alikwenda Barnsley, mji wa machimbo ya makaa, akamchukua mvulana wa shule ya pale, David Bradley, ambaye hakuwahi kuigiza filamu, akampa hadithi ya mtoto anayefuga ndege aina ya kozi. Mwalimu wa michezo mle, yule anayejifanya Bobby Charlton, anachezesha mechi huku anacheza na kujipa penalti dhidi ya watoto, aliigizwa na Brian Glover, aliyekuwa mwalimu na mpiga mieleka wa mji huo huo. Ndiyo maana anavyopuliza filimbi unamwamini.

Loach hupiga filamu kwa mtiririko wa hadithi, onyesho la kwanza kwanza, na huwapa waigizaji kurasa kidogo kidogo ili wasijue yanayokuja. Hilo halihitaji hata shilingi. Tafuta mtu anayefanya kazi unayotaka kuionyesha, kuli wa feri, mama ntilie, kondakta, umwombe muda wake, umlipe kwanza yeye kabla ya kukodi taa. Piga asubuhi jua likiwa laini. Usimwambie kila kitu. Na ukimaliza nitumie; nitaitazama yote.