Barua kwa mwanangu: Mdomo hufundishwa

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama nilijua. Daktari amekwambia una usonji, ile hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtu aupokee ulimwengu na watu kwa namna tofauti, ukiwa na miaka 31, nawe unataka kujua mama yako alikuwa wapi. Ngoja nikwambie nilichokiona.

Unakumbuka kipaimara cha kaka yako, pale Kirumba? Wageni walijaa hadi kwenye yale mawe nyuma ya nyumba. Ulikuwa na miaka tisa. Uliwaamkia wote, mmoja mmoja, umepiga goti, unatabasamu. Shangazi yako wa Ukerewe akanisifu kwamba nimelea, nami nikavimba kichwa. Baadaye nikakukuta nyuma ya pipa la maji, umeziba masikio, unasema kwa sauti ya Rehema wa baba yako mdogo, "Shikamoo shangazi, za safari?", halafu unacheka kicheko chake kilekile. Ukarudia. Ukarudia tena. Nikakushika mkono nikakurudisha kwenye muziki. Usiku ukatapika, nikasema ni pilau.

Hapo ndipo panaponiuma. Niliona, nikaita adabu.

Siku zote nasema: mtoto mwangalie mikono, mdomo hufundishwa. Na mikono yako niliiona! Tukianika dagaa, wa kwako wote walilala upande mmoja, vichwa vinatazama ziwani, na akipita kuku akawavuruga ulilia mpaka jioni. Mtoto wa jirani, yule wa kiume, aligonga kichwa ukutani, akapelekwa hospitali mapema. Ripoti zako za shule ziliandikwa "mtulivu, ana nidhamu". Nani ampeleke hospitali mtoto mwenye nidhamu?

Umenieleza kuwa yule daktari wa Marekani, Leo Kanner, mwaka 1943 aliandika habari za watoto 11 wenye usonji, na wasichana walikuwa 3 tu. Basi hata wasomi walizoea kumtafuta mvulana. Lakini hapana, nisijifiche hapo. Kanner hakulala na wewe chandarua kimoja, mimi nililala. Mikono, Neema. Nilikuwa naisema tu.

Umeuliza pia kuhusu bibi yako. Ndiyo, hakula samaki aliyegusana na ugali. Ndiyo, msibani aliondoka kabla ya vilio, wakamwita mwenye maringo. Nina langu moyoni, ila sitampa marehemu jina ambalo hakuliomba. Vitenge vyake bado vimo sandukuni alivyovikunja mwenyewe, pembe juu ya pembe. Pasaka ukija nitakufungulia uvione.

Mama yako