Nyuti Wapya Hawali: Je, Maji Yapashwe Joto?

Swali: Nimenunua nyuti wawili wenye tumbo jekundu (wale salamanda wadogo wa majini), na siku 9 zimepita bila wao kugusa chembe kavu za chakula cha samaki ninazowawekea. Muuzaji ananishauri nipandishe joto la maji hadi nyuzi 28 na nitie matone ya kuleta hamu ya kula. Je, nimfuate?

Jibu: Usimfuate. Ikiwa hita imekwisha kuwashwa, izime leo na uyaache maji yapoe polepole yenyewe. Kati ya dhana zote ninazokutana nazo katika kazi hii, hakuna inayonichosha kama hii ya kwamba mnyama asiyekula anaona baridi. Nyuti uliowaelezea, ambao kwa kawaida huwa ni Cynops orientalis kutoka China, hustawi katika maji ya nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi, na yakipita 24 huanza kutaabika. Joto likipanda, mwili huteketeza akiba yake haraka zaidi huku oksijeni iliyomo majini ikipungua na bakteria wakizaliana, hivyo mnyama mzima mwenye afya, ambaye angevumilia wiki mbili au zaidi bila kula, hudhoofika mapema kwa sababu ya hicho kinachoitwa tiba.

Chembe kavu hulala tu chini ya tangi, ilhali nyuti huwinda kwa kuona kinachosogea na kwa kunusa. Jioni, taa ikiwa hafifu, kata kipande kidogo cha nyungunyungu, kishike kwa kibano na ukitikise taratibu mbele ya pua yake. Atakigeukia, atatulia kwa muda unaoweza kukukatisha tamaa, kisha atakidaka ghafla. Asipokidaka, kiondoe na ujaribu tena kesho, kwa maana mabaki yakioza hutoa amonia. Usimfungue mdomo kwa nguvu hata kidogo. Taya zake ni dhaifu mno.

Pima amonia na nitraiti (sumu zitokanazo na uchafu wa majini), hasa ikiwa tangi ni jipya na bakteria wa chujio, wale wanaozivunja sumu hizo, hawajakomaa. Zote mbili zinapaswa kuwa sifuri. Nyuti anayepanda kioo mara kwa mara akitafuta kutoka mara nyingi anayakimbia maji mabaya.

Kuhusu matone, ngozi ya amfibia (wanyama kama nyuti na vyura) hupitisha maji na vilivyoyeyuka ndani yake, kwa hiyo unachotia tangini huingia moja kwa moja mwilini, na vipimo vilivyoandikwa kwenye chupa nyingi vimekusudiwa samaki. Anayekuuzia matone hayo kabla hajakuuliza habari za maji yako anauza chupa tu. Mifupa ya nyonga ikianza kujichora, tumbo likivimba au vidonda vikitokea, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewafahamu amfibia, na umtajie kila dawa iliyokwisha kutiwa majini, kwani wengi huificha kwa aibu na daktari akaishia kutibu ugonjwa ambao haupo.