Kifundo cha mguu kuvimba miezi mitano baada ya kuvunjika

Pole sana dada. Nimekuelewa, boda ilikuangusha, mfupa wa nje wa kifundo ukapasuka, wakakufunga plasta wiki 6 bila opresheni, na sasa mwezi wa 5 ikifika jioni kiatu hakiingii unaogopa mfupa umeunga vibaya. Mimi yalinikuta hayo hayo. Mfupa unaweza kuunga mapema lakini uvimbe na ukakamavu huchukua hata mwaka, hasa ukishinda umesimama.

Kilichonitesa zaidi ni kushuka vilima vya Kampala, kupanda ilikuwa afadhali. Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) akanionyesha hivi: simama mbele ya ukuta, kisigino kisiinuke, sukuma goti liguse ukuta, halafu pima kwa vidole vya mkono nafasi kati ya dole gumba la mguu na ukuta. Nilianza na vidole viwili tu, kila siku asubuhi na jioni, polepole ikaongezeka. Ukizoea, shika meza uinue visigino, halafu simama mguu mmoja ukipiga mswaki. Jioni lala, mguu juu ya mito.

Tafadhali usimpe mtu aukande kwa nguvu au kuuvuta, hata jirani akikusukuma vipi.

Kama ukibonyeza mfupa wenyewe bado unauma sana, au kifundo kinakuachia ukitembea, rudi wapige eksrei tena. Na shavu la mguu likivimba ghafla na kuwa la moto, au pumzi ikabana, nenda hospitali saa hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda.

Fizio ulishaonana naye hata mara moja?