Mshairi anafanya nini kwenye jopo la majaji wa filamu? Jibu kutoka kwa mhariri

Mleta mada, umelalamika kwamba filamu yako fupi imekosa tuzo kwenye tamasha ambalo jopo lake lilikuwa na mshairi na mwanamuziki, na umeuliza watu hao wanajua nini kuhusu filamu. Nimesoma majibu ya wadau na wengi wamekuunga mkono. Mimi ni mhariri wa filamu, na nimewahi kuitwa kwenye majopo ya matamasha madogo ya hapa kwetu. Nakuelewa kabisa, lakini naona lawama umeipeleka pasipo pake.

Anza na Cannes, tamasha kubwa la filamu la Ufaransa, maana ndiyo kila mtu anaipigia mfano. Mpaka mwaka 1963 wenyeviti wa jopo la pale wengi wao walikuwa watu wa fasihi. Mwaka 1953 mwenyekiti alikuwa Jean Cocteau, mshairi ambaye pia alitengeneza filamu. Mwaka 1960 aliongoza Georges Simenon, mwandishi wa riwaya za upelelezi, na jopo lake likaipa Palme d'Or, tuzo kuu ya pale, filamu La Dolce Vita ya Federico Fellini, filamu ambayo gazeti la Vatikani lilikuwa limeishambulia vikali. Mwaka 1964 alikuja mwongozaji wa filamu Fritz Lang, na tangu hapo watu wa filamu ndio wameongoza mara nyingi zaidi. Hata hivyo waandishi hawakutoka: Tennessee Williams aliongoza mwaka 1976, Françoise Sagan mwaka 1979, na Toni Morrison alikuwa mmoja wa majaji mwaka 2005. Kwa hiyo mshairi kwenye jopo ni mila ya zamani, wala si waandaaji wako waliokosa watu.

Halafu kuna hili la kumwita mtu kwa taaluma moja. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa jaji Cannes mwaka 1967. Huyu mzee alibeba mizigo bandarini Marseille, akawa mwanaharakati wa chama cha wafanyakazi, akaandika riwaya, ndipo akaenda Moscow kusomea filamu akikaribia umri wa miaka 40. Kwenye fomu ya jaji, penye mstari wa "kazi", ungemwandikia nini?

Na hawa wa karibu yetu. Lupita Nyong'o alipoongoza jopo la tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, mwaka 2024, wengi walimtaja kama mwigizaji mwenye Oscar, basi. Lakini kabla ya jina hilo alishafanya kazi za nyuma ya kamera, na mwaka 2009 alitoa dokumentari yake mwenyewe, In My Genes, kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya. Pembeni yake walikaa waongozaji kama Ann Hui wa Hong Kong na Christian Petzold wa Ujerumani, pamoja na mwandishi wa Ukraine, Oksana Zabuzhko. Jopo hilo likaipa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya Berlin, filamu Dahomey ya Mati Diop, dokumentari kuhusu vitu 26 vya kale ambavyo Ufaransa ilivirudisha Benin. Mwaka 2025 kwenye jopo la Cannes alikuwepo mtengeneza dokumentari Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, Kongo, ambaye alisomea tiba kabla kamera haijawa kazi yake. Ukitazama dokumentari yake kuhusu majeruhi wa vita vya Kisangani vya mwaka 2000 wanaosafiri kwa mto Kongo kwenda Kinshasa kudai fidia, utaona namna anavyoutazama mwili wa mtu aliyekatwa mguu bila kuuonea haya na bila kuufanya maonyesho. Jaji wa namna hiyo nampa filamu yangu usiku na mchana.

Sasa niingie chumbani, maana huko ndiko taaluma zinapoonekana.

Kwenye jopo moja tulikuwa na filamu fupi yenye picha nzuri mno. Mwanga wa jioni, nyuso zimepigwa picha vizuri, kila mtu ameshaikubali. Kati yetu alikuwepo fundi sauti, kijana mtulivu asiyesema sana. Akaomba tuizime skrini, tusikilize tu ile sehemu ya jikoni. Tukasikiliza. Mama akiongea, jokofu linaunguruma. Binti akijibu, jokofu limezima. Mama tena, jokofu limewaka. Dakika nzima hivyo. Walirekodi kila upande kwa wakati wake, na wakati wa kuunganisha hakuna aliyetandika sauti ya chumba, yaani ule mvumo wa chumba wakati hakuna anayeongea, chini ya mazungumzo. Filamu ile ilipata tuzo ya upigaji picha, na ilistahili, lakini filamu bora ikawa nyingine. Bila yule kijana, picha zingetupeleka zinakotaka.

Siku hiyo hiyo mama mmoja mwigizaji wa jukwaani, mkongwe kweli, alisimama kutetea filamu iliyokuwa inaelekea kuachwa kwa sababu ilionekana ya kawaida. Akasema, "Wanangu, angalieni kisu." Dada kwenye filamu anamenya mihogo huku kaka yake akipokea simu ya msiba chumba cha pili. Hajaambiwa kitu. Kisu kinapungua mwendo, kinasimama, ndipo kaka anatokea mlangoni. Wengi wetu tulikuwa tunamwangalia kaka. Tuliirudia, na kura zikabadilika. Mwongozaji yeyote angeweza kuliona lile, lakini aliyeliona ni mtu aliyetumia maisha yake kusubiri zamu yake jukwaani huku mwenzake akiongea.

Ndiyo maana jopo ninalolihofia ni la waongozaji watupu. Nimelikaa, na mazungumzo yalikuwa "mimi hapa ningefanya hivi" kutoka asubuhi mpaka jioni. Kila mmoja alikuwa anaihukumu filamu ambayo yeye mwenyewe angeitengeneza. Mwandishi wa habari au mwalimu wa fasihi akiwepo, anauliza swali ambalo sisi mafundi tunalisahau: hadithi hii inasema nini, na imeshasemwa mara ngapi?

Lawama ya kweli iko hapa. Kuna tamasha kiti kimoja kilipewa ofisa wa mfadhili. Alihudhuria maonyesho mawili, akaleta alama za filamu zote. Tulikataa kuzijumlisha, na mwenyekiti, namshukuru mpaka leo, alisimama nasi. Jingine ni kujuana. Tasnia yetu ni ndogo, karibu kila mtu amewahi kumfanyia mwenzake kazi. Dawa yake ipo: jaji anaandika tangu mwanzo filamu alizozigusa, na zikifika mezani anatoka nje. Mimi nimeshatoka, na nilipoitwa nirudi sikuuliza walichosema.

Kwa hiyo kabla ya kulipia ada ya kutuma filamu mwakani, mwandikie mratibu umuulize mambo mawili. La kwanza, kwenye jopo kuna mtu yeyote wa sauti au wa uhariri? Hao ndio wanaosahaulika, kwa sababu sura zao hazivutii kwenye bango. La pili, majaji wanatazama pamoja ukumbini, au kila mmoja anatumiwa kiungo cha mtandaoni akatazame kwenye simu? Hilo la pili mimi huliuliza kabla ya kukubali mwaliko, kwa sababu jokofu lile kwenye simu usingelisikia.