Iulizie Piano Kabla ya Kukubali Tamasha

Kwa mpiga piano wa muziki wa kiklasiki anayeishi Kisumu, Novemba na Desemba ndiyo miezi ya mavuno: kwaya zinataka kuimba Messiah ya Handel, walimu wanaandaa maonyesho ya wanafunzi, na harusi hazikosekani. Miaka michache iliyopita nilikubali kila mwaliko, nikajikuta na tamasha 5 kwa siku 9, moja Nakuru Ijumaa usiku na nyingine Kisumu kesho yake alasiri. Nilijiona hodari.

Piano ya Nakuru ilipendeza macho. Nilipobonyeza La ya katikati, sauti ambayo wapigaji hulinganishia vyombo vyao, mpiga klarineti aliyekuwa akijiandaa kando yangu alinigeukia kana kwamba nimemtukana. Ilikuwa imeshuka karibu nusu toni, yaani umbali wa kibao kimoja hadi cha jirani yake, na klarineti haiwezi kuifuata huko chini. Fundi naye hakuwa na la kufanya katika saa moja iliyobaki, kwa maana piano ina nyaya zipatazo 230 zinazovuta kwa uzito wa zaidi ya tani 15. Ukizikaza zote kwa mkupuo, baadhi huweza kukatika na zilizosalia hulegea tena upesi. Tukaazima kinanda cha kwaya chenye vibao 61, badala ya 88 vya piano. Katikati ya sonata ya Brahms, mkono wangu wa kushoto ulishuka kutafuta sauti nzito ukagonga meza, na safu ya kwanza ilisikia vizuri mno.

Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninalomwomba mwenyeji ni kunirekodia kwa simu sauti ya kila kibao, kuanzia chini hadi juu, nami nailinganisha La na programu ya kupimia sauti, ambayo kipimo chake cha kawaida ni mitetemo 440 kwa sekunde. Malipo ya fundi huandikwa katika makubaliano, na fundi huja siku moja au mbili kabla ya tamasha, wala si mwezi mzima kabla, kwa sababu msimu wa mvua kandokando ya ziwa ubao wa ndani ya piano hunyonya unyevu, huvimba na kuzikaza nyaya. Kiangazi kikirudi, sauti hushuka.

Ushirikiano nao una piano yake ya kuuliziwa. Nilipoalikwa kucheza na mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, nilidhani Jaduong' (mzee, kwa Kiluo), kama tulivyomwita, angezilinganisha nyuzi zake 8 na piano yangu. Alizilinganisha na koo lake, akavaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, akaanza. Mazoezi mawili yaliharibika kabla sijakubali kwamba mwenye kuhama ni mimi. Niliandika sehemu yangu upya, nusu toni chini, lakini sauti moja ya nyatiti bado iliangukia katikati ya vibao vyangu viwili. Nikaviacha vyote viwili visiguswe, ikawa yake peke yake. Kazi kama hiyo inahitaji angalau mazoezi manne, na msimu uliojaa pomoni hauna nafasi hiyo.

Desemba hii nimekubali tamasha 3, na kati ya Nakuru na Kisumu nimeacha siku mbili tupu. Tarehe ya nne nimeiandika kwa penseli. Mwenyeji ameshanitumia picha ya piano mara mbili, ila sauti yake bado sijaisikia.