Siku Niliyovuna Bunduki Badala ya Asali

Juzi usiku kijana mmoja wa Kakonko, ambaye huwa ananiuliza mambo ya nta na mizinga, aliniandikia: "Kaka shikamoo. Nasafisha sehemu ya kuweka mizinga, nimekuta chuma kirefu kimeviringishwa nailoni. Kina kutu. Nahisi ni silaha. Nikimpa mtu wa vyuma chakavu kuna shida?"

Nilimjibu neno moja, "Usiguse", halafu nikampigia.

Ninyi mnaonisoma mnataka kufika mizinga mia kama nilivyofika mimi (leo ninayo 140, Mungu ni mwema), kwa hiyo porini mtaingia tu. Na pori letu la Kigoma lina mambo yake. Ngoja niwasimulie ya mwaka 2016, ambayo mke wangu hataki yatajwe mbele ya wageni.

Nilikuwa na mizinga 14, yote ya magogo. Mmoja wa mninga niliurithi kwa baba, ulining'inia mbali, Kibondo ndani huko, na nilikuwa sijaufikia misimu mitatu. Tulipoushusha kwa kamba usiku ule ulikuwa mzito, nikaanza kupiga hesabu ya ndoo. Nikapuliza moshi, kimya, hata nyuki mmoja. Nikaingiza mkono. Nailoni, ndani yake shati, ndani ya shati bunduki ya SMG yenye magazini yake.

Nani aliificha sijui. Wa umri wangu wanakumbuka miaka ambayo mabasi ya njia hizi yalisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya utekaji. Wanakumbuka pia 2013, Rais Kikwete alipowapa wenye silaha haramu wiki mbili wazisalimishe, ikafuata Operesheni Kimbunga. Mimi nadhani kuna mtu alibabaika kipindi kile, akauona mzinga wangu.

Mwenzangu aliyeshika kamba akasema tuurudishe juu, tunyamaze. Nisiwadanganye, kuna jambo lingine lilinipitia kichwani. Nilikuwa nadaiwa, na najua watu ambao wasingeuliza imetoka wapi. Nikawaza itakapolia usiku, na nyumba itakayolia asubuhi yake. Basi.

Nikaamua vizuri, nikatenda kijinga. Niliitia kwenye sandarusi, nikaifunga nyuma ya baiskeli, nikaanza safari ya kituoni peke yangu saa kumi na moja alfajiri. Eti raia mwema! Nusu ya njia nikakutana na mgambo wa doria. "Umebeba nini?" Nikasema silaha. "Umeitoa wapi?" Nikasema kwenye mzinga. "Una mzinga pia?!" Kabla sijaeleza kwamba ni mzinga wa nyuki, si ule unaopiga siku ya sherehe za taifa, nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye vumbi, mikono nyuma, na baba mkwe wangu anapita na ng'ombe wake. Hakunisalimia. Nilikaa kwenye benchi la kituo mpaka jioni, mwenyekiti wa kijiji alipokuja kunisemea. Hakuna aliyesema asante. Kijijini nikaitwa Kamanda, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo wakidhani nafurahi.

Kwa hiyo ndugu zangu, usiguse. Usiivute, usiipime uzito, usijaribu kuona kama ina risasi, usiipige picha ukarusha kwenye grupu. Weka alama mahali, kaa mbali, mwite mwenyekiti au mtendaji, au piga 112, waje wao. Silaha isitembee, wao ndio watembee. Ukikutwa nayo mkononi, maelezo yako ni maneno tu, na kesi ya silaha huku kwetu ni uhujumu uchumi, si kesi ya kuku. Halafu chuma cha porini si lazima kiwe bunduki. Novemba 2017 pale shule ya msingi Kihinga, Ngara, mtoto alibeba bomu la mkono akidhani ni chuma chakavu. Wanafunzi 5 walikufa, zaidi ya 40 wakaumia.

Kijana akaniuliza kama asubiri msamaha, maana Septemba na Oktoba 2023 Serikali iliruhusu watu wasalimishe bila kushtakiwa. Mdogo wangu, usubiri na bunduki iko wapi, chini ya kitanda? Ule msamaha ni wa aliyekwisha kuificha. Wewe umeiona leo, sema leo. Usiguse, ita watu. Vijana mnapenda njia ya mkato, mnaona kila kilichookotwa ni riziki.

Jana asubuhi kanitumia ujumbe: mtendaji kaja na polisi, wameichukua, yeye kaandika maelezo na saa nne alikuwa nyumbani anakunywa uji. Saa nne! Nimefurahi, ila nimeumia kidogo pia. Mzinga wangu wa mninga ulichukuliwa kama kielelezo. Nimekwenda kuuulizia mara sita, na mara ya mwisho askari mgeni aliniuliza kama nina kibali cha kumiliki mzinga.