Jibu: Dharura za angani kwenye ndege za kivita za zamani, na kwa nini uiogope zaidi hitilafu ya nusu

Mkuu, kwa nilivyokuelewa umemaliza mafunzo kwenye T-6, ile ndege ya zamani ya mafunzo ya kijeshi ya Marekani (wengine tunaiita Harvard, ni ileile), unakaribia kuirusha bila mwalimu, na unauliza ni dharura zipi hasa za kukariri kwa sababu kitabu cha rubani kina kurasa nyingi na kichwa ni kimoja. Waliotangulia wamekujibu "kariri zote". Sawa. Ila nimerusha T-6 na Yak-52, ndege ya mafunzo ya Kisovieti, kwa miaka mingi, na kitu ambacho kitabu hakitakuambia ni kwamba ndege hizi mara nyingi haziharibiki kabisa. Zinaharibika nusu. Injini inatetemeka lakini bado inavuta. Gurudumu moja limeshuka, la pili halijajifunga. Harufu ya kuungua ipo, moto huuoni. Hizo ndizo za kuogopa, maana zinakuachia nafasi ya kujipa matumaini.

Kumbuka kitabu kile kiliandikiwa nani. T-6 zilitengenezwa zaidi ya 15,000, na mwandishi wa kitabu alikuwa akimwelekeza kijana mwenye parachuti, anayerusha mali ya serikali iliyokuwa na nyingine tele zimeegeshwa. Leo unarusha ndege ambayo mwenyewe ameikarabati kwa miaka, na vipuri vyake vinatafutwa bara hadi bara. Ikitoa mlio mbaya, wazo la kwanza linalokujia ni namna ya kuirudisha salama bandani. Usilikaribishe wazo hilo. Mimi kabla ya kuwasha injini huwa nimeshakubaliana na nafsi yangu kwamba hitilafu ikitokea hewani, ndege si mali tena. Ni chombo cha kunifikisha chini nikiwa hai, basi.

Shirika la Australia la kuchunguza ajali za usafiri, ATSB, liliwahi kuchambua matatizo ya injini baada ya kuruka kwenye ndege za injini moja, miaka ya 2000 hadi 2010. Injini kuzima kabisa: matukio 75, hakuna hata moja lililoua. Injini kupungua nguvu tu: matukio 242, na 9 kati yake yaliua. Takwimu hizo ni za ndege za injini moja kwa jumla, si za zamani peke yake, lakini kila aliyekaa nyuma ya injini ya miaka ya 1940 anaelewa zinasema nini. Injini ikizima huna la kujadili: unashusha pua na kutafuta pa kutua. Ikibaki nusu unaanza kuibembeleza, na huku unaibembeleza kasi inapungua.

Yangu ilinitokea nikiwa napanda, nimeshavuka futi 1,000 juu ya ardhi. Mlio mmoja mkubwa, kisha mtetemo uliofanya vipimo vyote vya mbele yangu visisomeke vizuri. Injini ya T-6, ile R-1340, ina silinda 9 na nguvu za farasi 600; ikipoteza silinda moja haizimi, inaendelea kukung'uta na kukutisha. Nilishusha pua kwanza hadi kasi ikatulia. Baada ya hapo nikagusa vitu vitatu tu, kila kimoja mara moja: tangi, leva ya mchanganyiko wa mafuta na hewa, na swichi ya magneto (vifaa viwili vinavyotoa cheche za injini).

Kwa nini hivyo vitatu? Tangi, kwa sababu T-6 nyingi zinanyamaza hewani bila kuharibika chochote. Tangi la kushoto lina bomba la kusimama ndani yake, kwa hiyo ukiwa umechagua kushoto mafuta yatakata wakati akiba bado imelala chini, na unatakiwa uhamishe swichi kwenye akiba. Mchanganyiko, kwa sababu leva yake huenda imesogea au imesahaulika. Magneto, kwa sababu moja ikipoteza majira yake ya kutoa cheche inaweza kuitikisa injini nzima, na ukibaki na ile nzima peke yake injini inatulia mara moja. Visiposaidia, acha. Kurudiarudia swichi ni njia ya kujishughulisha huku ardhi inakuja.

Leva ya nguvu sikuigusa kabisa. Wazee wa injini hizi wanasema, nami nawaamini, kwamba injini iliyoumia ikikubali kuzunguka pale ilipo, iache hapohapo mpaka uwe na uhakika wa kufika. Ukiirudisha leva nyuma, huenda isikubali kupanda tena. Nilizunguka uwanja nikiwa juu kuliko kawaida, nikipanga kutua kana kwamba injini imeshakufa, na chochote inachonipa ni ziada. Nilipoona hata ikizima sasa hivi nitaingia uwanjani, ndipo nikaivuta leva hadi mwisho. Fundi alikuta kichwa cha vali ya kutolea moshi kimekatika.

Mtu atauliza: mbona uligeuka kurudi, wakati kila mwalimu anakataza? Niligeuka kwa sababu nilikuwa na urefu, si kwa sababu nilikuwa na injini. Chini ya futi 1,000 mimi sirudi, hata injini ikiwa inavuta nusu. Natua mbele, nyuzi 30 kushoto au kulia, kwenye chochote kisicho na watu. Ukilaza bawa nyuzi 45 huku ukishikilia urefu, kasi ambayo chini yake mabawa hushindwa kuibeba ndege inapanda kwa asilimia 19. Ukifika nyuzi 60 inapanda kwa asilimia 41. Na T-6 haikuonyi kwa upole kama ndege za shule. Inaangusha bawa moja ghafla na kuanza kujizungusha, na kwa urefu ule hakuna muda wa kuitoa.

Injini ikiisha nguvu kabisa, vuta leva ya propela nyuma mpaka mwisho. Hapa wengi husahau. Kwenye T-6 na Yak-52 shinikizo la oili ndilo linaloyasukuma mapanga ya propela kwenye pembe ndogo, na vizito vilivyo kwenye shina la mapanga huyarudisha kwenye pembe kubwa. Ukivuta leva, mapanga yanaacha kukinga upepo na utaisikia ndege ikiachiwa, kama baiskeli iliyofunguliwa breki. Fanya mazoezi ya hilo na mwalimu, ukiwa juu, ili ujue tofauti yake kwa makalio na si kwa kusimuliwa. Usidhani kila propela iko hivyo. Ya Mustang, ndege ya kivita ya Marekani, ikikosa oili huenda upande wa pili: mapanga hulala kwenye pembe ndogo na mizunguko hupanda ovyo.

Kama unadhani injini nyingi ndiyo dawa, soma ripoti ya NTSB, wachunguzi wa ajali za usafiri wa Marekani, kuhusu ile B-17 (ndege ya mabomu ya injini nne) iliyoitwa Nine-O-Nine. Tarehe 2 Oktoba 2019 iliruka kutoka uwanja wa Bradley, Connecticut, ikiwa na watu 13. Injini namba 4 ilipoteza nguvu kiasi wakati wa kupanda, rubani akaizima na kugeuka kurudi. Namba 3, upande uleule, nayo haikuwa na afya. Magurudumu yalishushwa mapema, yakaongeza ukinzani, kasi ikaisha, ndege ikafika chini kabla ya njia ya kurukia. Watu 7 walikufa. Uchunguzi ulikuta kasoro za matunzo kwenye magneto na plagi, lakini kilichotajwa kuwa chanzo ni jinsi kasi na mpangilio wa ndege vilivyosimamiwa baada ya injini kuzimwa. Kwangu funzo la vitendo ni kuhusu magurudumu: usiyashushe hadi uwe na uhakika wa kufika.

Tukiwa kwenye magurudumu. Taa ya kijani isipowaka, T-6 ina vidirisha juu ya mabawa, chungulia uone kama pini ya kufungia imeingia. Yak-52 ina vijiti vinavyochomoza, huhitaji hata umeme. Mguu ukining'inia nusu, panda juu, yumbisha pua kushoto na kulia kwa kanyagio, kisha vuta usukani kwa nguvu kidogo ili uzito uusukume ujifunge. Mara nyingi hukubali. Usipokubali na ukawa na uwezo wa kuirudisha yote juu, tua kwa tumbo. Mguu mmoja chini ni mbaya kuliko yote miwili juu. Kwenye Yak-52 magurudumu hubaki nje kiasi hata yakikunjwa, kwa hiyo tumbo lenyewe huumia kidogo.

Halafu kuna ujanja ambao utasikia watu wakiusifia: kuzima injini kwenye hatua za mwisho ili kuokoa propela isipinde. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Umekuja na injini nzima na tatizo moja, sasa unajitengenezea la pili, na ukikosea kipimo huna namna ya kupanda na kurudia. Iache izunguke, ipinde. Vipuri si damu.

Oili kwenye kioo cha mbele inatisha kuliko inavyostahili, kwa sababu oili kidogo tu ikisambazwa na upepo hufunika kioo kizima. Usiangalie kioo, angalia vipimo viwili: shinikizo na joto la oili. Vikitulia bila kubadilika, una muda. Fungua kifuniko cha kioo, vaa miwani, tua ukichungulia pembeni huku ndege umeiinamisha kidogo. Shinikizo likishuka na joto likipanda pamoja, chagua shamba sasa hivi wakati bado wewe ndiye unayechagua. Wanaohamia ndege zinazopozwa kwa maji, Mustang na Spitfire, wajue kwamba kipoza joto kikivuja muda ni mfupi zaidi, na mshale wa joto unaweza hata kushuka kwa sababu kipimo hakijazamishwa tena kwenye maji. Ukiuona mshale umeshuka huku moshi mweupe unatoka, usifurahi.

Moto nitaupitia haraka kwa sababu hauna nusu: funga mafuta kwanza, mengine baadaye, kisha telezesha ndege ubavu ili ndimi ziende upande usiokaa wewe. Harufu bila moto ni swichi kuu ya umeme kuzimwa. Injini za magneto hazihitaji umeme huo kuendelea. Na kwenye jeti kama L-39, usione kiti cha kurushwa nje ukadhani umemaliza. Kile cha asili, VS-1, kinahitaji angalau kilomita 150 kwa saa ukiwa ardhini, na ndege nyingi zilizo mikononi mwa watu binafsi viti vyake vimezimwa.

Uliuliza pia kama parachuti ina maana kwenye T-6. Ina maana, ukiamua urefu wako wa kujirusha kabla ndege haijapaa na ukajua kutoka. Kabla ya kutua shambani kifuniko kifunguliwe na kufungwa hapo nyuma, kwa sababu ndege ya gurudumu la mkia hupinduka na ukinaswa chini yake hutoki. Ndiyo sababu shamba laini natua magurudumu yakiwa juu. Mikanda ya bega nayo ikaguliwe pale ilipofungwa kwenye bodi, si kwenye bizimu tu. Mwigizaji Harrison Ford alipozimikiwa na Ryan PT-22, ndege nyingine ya zamani ya mafunzo, tarehe 5 Machi 2015 na kutua kwenye uwanja wa gofu karibu na Santa Monica, NTSB ilikuta jeti kuu ya kabureta (kitundu cha kupitishia mafuta) imelegea, lakini ilitaja pia kwamba mkanda wa bega ulifungwa kwenye mgongo wa kiti bila kuimarishwa.

Mazoezi ya kutoka yafanye ardhini, injini imezimwa, ukiwa umevaa kila kitu. Toa waya wa vipokea sauti, fungua mkanda wa kiti, acha wa parachuti. Mpangilio huo uuzoee hadi vidole vijue bizimu ni ipi bila macho, kwa sababu zote mbili ziko tumboni na zinafanana. Kisha mwambie abiria wa nyuma afanye vilevile mbele yako, na kama hawezi kupanda ukingoni mwenyewe, panga safari nzima ukijua hamtajirusha kwa parachuti.